Wageni Waliokuja Kutazama Machozi

Kuna nchi moja ambayo ndani yake hakuna vita. Jambo hili lisemwe mapema, maana huko kulichelewesha ni kosa la jinai. Kilichokuwepo ni Kutoelewana, na kulikuwa kumedumu kiasi kwamba watoto waliozaliwa kulipoanza sasa walikuwa wamevishwa gwanda na kupelekwa kushiriki. Mizinga ilipoangukia vijiji vya milimani, redio ya taifa ilitangaza kwamba mazungumzo yanaendelea vizuri. Hakuna aliyekufa. Wasioonekana walikuwa wamesafiri.

Nchi hiyo ilikuwa hata na Wizara ya Haki za Binadamu. Wizara ilikaa ghorofa ya juu kabisa ya jengo ambalo ghorofa zake za chini zote zilikuwa za polisi. Mwenye malalamiko ilimbidi apite kwanza kwa watu anaowalalamikia, nao walimpokea kwa bashasha na mara nyingi wakamwondolea usumbufu wa kupanda ngazi. Kwa hiyo Wizara haikuwa na malalamiko mezani, na kila mwaka ilipewa tuzo ya usafi wa ofisi.

Huko milimani, katika mji mdogo wa Kivumo, aliishi mama mmoja aitwaye Nyamizi, na kazi yake ilikuwa kulia. Msicheke. Watu wa milimani wana utaratibu wao wa msiba. Mtu akifa huitwa mliaji, anasimama uani, anapaza sauti na kumtaja marehemu, mama yake, kazi yake na namna alivyokufa. Kila anayeisikia sauti hiyo, awe ndugu awe mpita njia, anakaa chini hapo hapo alipo. Hainuki mtu mpaka kifo kipate mwenyewe. Kama ni maradhi, mkubwa wa ukoo anasema ni kazi ya Mungu, na watu wanainuka kwenda kuchimba kaburi. Kama ni mkono wa mtu, wanasubiri mtu huyo, ambaye haruhusiwi kukaa na wafiwa, ajitokeze aseme. Wazee wanakumbuka muuaji mmoja aliyejificha nyuma ya ghala, na mji mzima ukakaa chini kumngoja. Ng'ombe hawakukamuliwa, vyungu havikuinjikwa, watoto walilia njaa mapajani mwa mama zao, mpaka yule bwana akatoka mwenyewe, akasema ni mimi.

Sharti zito kuliko yote lilikuwa hili: aliye hai haliliwi. Kumlilia aliye hai ni kumzika kwa mdomo, na mliaji aliyefanya hivyo hakuitwa tena kwenye msiba wowote. Nyamizi alikuwa amelia misiba ya nusu ya mlima, na hakuwahi kulikosea sharti hilo.

Mwanawe wa pekee, Mihayo, alikuwa fundi redio sokoni Kivumo. Siku moja ya gulio wanajeshi walipita kwenye kibanda chake, mmoja akazungusha kidude cha redio iliyokuwa imetoka kutengenezwa, na redio ile, bila adabu yoyote, ikashika stesheni ya nje na kulitaja jina halisi la Kutoelewana. Walimchukua Mihayo na bisibisi ikiwa bado mkononi. Watu wa sokoni walisema hakupiga kelele, aliuliza tu nani atamrudishia yule mzee redio yake.

Nyamizi alifunga safari hadi Kambi ya Mapumziko, maana hivyo ndivyo ilivyoitwa. Afisa wa getini alimweleza kwa upole kwamba humo ndani hamna wafungwa, wamo wageni wa taifa tu, na kwamba si ustaarabu kuwataja wageni kwa majina. Nyamizi akauliza kama mwanawe ni mzima. Afisa akaonekana kuumizwa na swali hilo. Katika nchi hii, alisema, kila mtu ni mzima, ni sera.

Aliporudi Kivumo alikuta majirani wamemwekea chakula mlangoni, ugali na maharage, kama anavyowekewa mfiwa. Akakirudisha chakula chote, nyumba kwa nyumba, na kwenye kila mlango aliwaambia hajafiwa. Usiku kilio kilipompanda aliuma kanga mpaka kishuke. Kila siku aliyoipitisha bila kulia ilikuwa siku moja zaidi ambayo Mihayo alikuwa hai. Hakuwa na kitu kingine cha kumfanyia.

Mambo yakawa hivyo mpaka walipokuja wageni wa aina nyingine.

Hawa walitoka Jumuiya ya Mataifa Yanayojali. Ni mataifa ya mbali, yenye baridi, ambayo hujali kwa zamu. Zamani serikali ilikuwa ikiwaambia kwamba nchi haina mhanga hata mmoja, na kwa sababu hiyo misaada yote ilikwenda nchi jirani, ambayo ilikuwa na wahanga wengi na waliopangwa vizuri. Baraza la Mawaziri liliugua wivu. Jirani ana wahanga, ana magari meupe, ana semina kila wiki, sisi tuna nini? Lakini wakajifunza pia kwamba nchi yenye wahanga kupita kiasi huwekewa vikwazo, na mawaziri wake wananyimwa viza za kwenda kutibiwa mafua. Kilichotakiwa ni wahanga wa wastani.

Kazi ya kuwatafuta alipewa Waziri wa Haki za Binadamu, Mheshimiwa Dakta Anselmi Lukwale, mtu mwenye sauti ya kuhubiri na viatu visivyowahi kugusa tope. Alijaribu kwanza wahanga wa kawaida. Wakamkera. Walikohoa, walitaja majina ya maafisa, na mmoja alivua shati mbele ya watu kuonyesha mgongo. Ndipo mshauri mmoja alipomwambia kwamba huko milimani kuna mama ambaye kulia ndiyo kazi yake, na zaidi ya hapo mwanawe ni mgeni wa taifa. Waziri alifurahi mpaka akaagiza chai. Nyamizi akafuatwa kwa gari lenye kiyoyozi.

Ofisini kwa Waziri alikuwapo pia mkalimani atakayewatafsiria wageni, Zefania, mtu wa makamo mwenye tai nyembamba. Alizaliwa Kivumo, nyumba tatu kutoka kwa Nyamizi, ingawa lafudhi yake alikuwa ameiacha kwa wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kuyatoa maneno ya watu upande mmoja na kuyafikisha upande wa pili yakiwa yamenawa uso. Nyamizi alimtambua alipoingia tu. Alimwamkia kama wanavyoamkiana Kivumo, kwa kumtaja bibi yake, na Zefania akajifanya anatafuta kalamu.

Waziri alimweleza Nyamizi shughuli yenyewe. Wageni watakuja, atakaa mbele yao, atamlilia mwanawe kwa ustadi wake wote, na baada ya hapo serikali yetu sikivu itaona namna ya kumrudisha kijana nyumbani. Kwa mtu wa fani yake, alisema, hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

"Mheshimiwa," Nyamizi aliuliza, "mwanangu yuko hai au amekufa?"

Waziri hakuweza kusema amekufa, kwa kuwa katika nchi hiyo hakuna anayekufa. Hakuweza kusema yuko hai, kwa kuwa kambini hakuna anayeshikiliwa. Alisema kwamba suala la kijana liko kwenye mchakato.

Nyamizi akamweleza, taratibu, kama anavyoelezwa mgeni asiyejua choo kiko wapi. Kama Mihayo yuko hai, hawezi kumlilia, atakuwa amemzika. Kama amekufa, basi mheshimiwa atamke tu, na yeye hatahitaji kungoja wageni, atalia hapo hapo ofisini na jengo zima litasikia.

Waziri akageuza maombi. Basi asimlilie mwanawe. Alie tu kwa jumla, awalilie watu wa milimani.

"Watu hawafi kwa jumla, mheshimiwa," alisema Nyamizi. "Nitajie mmoja mmoja."

Waziri aliagiza chai nyingine, na hii hakuinywa. Muda ulikuwa umekwisha na wageni walikuwa tayari hewani, kwa hiyo aliamua kwamba mama huyu akishaona kamera atalainika. Wote hulainika.

Kikao kilifanyika katika hoteli kubwa ya mji mkuu, kwenye ukumbi wenye zulia lililozamisha mguu. Mkuu wa ujumbe alikuwa Balozi Brandal, mwanamke mrefu mwenye macho ya huruma. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linaloudhi. Aliacha nyumba yake na paka wake kuja kuwasikiliza watu asiowajua, na alikuwa amejifunza kusema pole kwa lugha kadhaa. Kushoto kwake alikaa mtaalamu ambaye kazi yake ilikuwa kupima majonzi. Mbele ya kila mhanga lilikuwa limewekwa boksi la karatasi laini za kufutia machozi, zenye nembo ya njiwa.

Waziri alifungua kwa kusema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia tena kwa saa nzima. Alisema nchi yake inapenda haki za binadamu kuliko hata binadamu wenyewe, na wageni wakapiga makofi, kwa sababu Zefania alikuwa amelitafsiri vingine.

Ikaja zamu ya Nyamizi. Kamera zikainama. Akakaa wima, macho makavu, akasema maneno machache. Wanajeshi walimchukua mwanawe Mihayo siku ya gulio, mchana, watu wanaona. Yuko Kambi ya Mapumziko. Anamtaka. Wageni wana magari na bendera, na kambi iko mwendo wa saa mbili tu. Waende sasa hivi wakamchukue, naye atawangoja hapo hapo kwenye kiti.

Zefania akatafsiri kwamba mama huyu anatamani kuona familia zikiungana tena katika siku zijazo.

Wageni wakangoja machozi. Boksi likasogezwa karibu kidogo. Nyamizi alilitazama, akalisukuma pembeni kwa kidole. Alikuwa ameshika kingo za kiti kwa mikono miwili, na mtu aliyekuwa karibu angeona kucha zilivyobadilika rangi, lakini mtaalamu wa majonzi alikuwa akitazama macho. Macho ndiyo aliyosomea.

Alimnong'oneza Balozi, Balozi akaitikia kwa kichwa, uso ukamng'aa. Wakatoka nje, wakarudi, na Balozi akatangaza matokeo kwa furaha isiyofichika. Katika nchi jirani, alisema, wahanga walilia mpaka karatasi zikaisha. Hapa mama ambaye mwanawe hayupo ameeleza habari zake kwa utulivu kamili. Maana yake ni moja tu: jeraha limeanza kupona. Ujumbe umeguswa na ustahimilivu huu, na unapendekeza msaada kamili bila kuchelewa.

Waziri Lukwale alikuwa amekwisha kukata tamaa, kwa hiyo alichelewa kidogo kuelewa kwamba ameshinda. Alipoelewa alisimama na kumkumbatia Nyamizi mbele ya kamera. Nyamizi akabaki na mikono yake chini.

Alimgeukia Zefania. "Wanasemaje?"

"Wanasema wamekusikia, mama."

"Mbona wanacheka?"

Balozi akaja, akamshika Nyamizi mkono kwa mikono yake yote miwili na kumwambia kwamba ataibeba hadithi yake popote aendapo. Hili Zefania alilitafsiri jinsi lilivyo.

"Mwambie hadithi aiache," alisema Nyamizi. "Ambebe mwanangu aniletee."

Zefania akatafsiri kwamba mama anashukuru.

Msaada ukafika. Yakaja malori meupe yenye njiwa mlangoni, ili jeshi liweze kuwafikia wananchi bila kuwatisha. Zikaja pingu zilizoshonewa sponji ndani, maana pingu za kale zilichubua, na kuchubuliwa ni ukiukaji. Wakaja wakufunzi kuendesha semina ya kumkamata mtu kwa heshima, ambapo askari walifundishwa kubisha hodi kabla ya kuvunja mlango, na walipata posho na soda. Vijiji vya milimani vilivyokuwa vikichomwa na watu wachafu sasa vikachomwa na watu waliosoma. Walionusurika walihamishiwa mahema ya pembeni mwa mji mkuu, wakapewa fulana zenye maandishi NINA HAKI, zote saizi moja. Mtu akiyatazama mambo haya kwa muda mrefu hutamani kutukana, na matusi yanayofaa hayajatungwa.

Nyamizi naye alipewa hema, na cheo cha Mama Ustahimilivu wa Taifa. Picha yake, macho makavu, ilibandikwa kwenye viwanja vya ndege. Kila alipouliza habari za Mihayo alijibiwa kwamba mchakato umefikia hatua nzuri. Akaendelea kuuma kanga usiku, na mchana akawaambia wenzake wa mahemani kwamba mwanawe akirudi atakuta redio nyingi za kutengeneza.

Mwishowe ujumbe ukakamilisha kazi na siku ya kuagana ikapangwa. Waziri alitaka iwe ya kukumbukwa. Aliagiza watu wa mahemani wasombwe kwa mabasi waje uwanja wa ndege kupunga vibendera, kwa kuwa watumishi wa serikali walikuwa wameomba posho kubwa mno kwa kazi hiyo. Bendi ya jeshi ikapanga mstari, na nyuma yake gwaride la heshima. Wengi wao walikuwa vijana wa milimani, maana jeshini ndiko mtoto wa maskini anapopata viatu. Ndege ilikuwa tayari uwanjani, ngazi zimeshaegeshwa, na watu wamejazana pande zote mpaka chini ya mabawa, ili picha zitoke vizuri. Nyamizi aliwekwa mbele na shada la maua la kumkabidhi Balozi.

Waziri akazingatia itifaki. Balozi naye akahutubia, na akasema amemwachia Mama Ustahimilivu zawadi ndogo. Walipokuwa wakizungumzia fungu la mwisho la msaada, alieleza, yeye binafsi aliweka sharti moja na serikali ikalikubali kiungwana. Haki ya jina. Kule Kambi ya Mapumziko palikuwa na uwanja mpana wenye vilima vya udongo visivyo na alama yoyote, na hilo lilimsikitisha sana. Hakuuliza vilima vile ni vya nini, maana hilo lilikuwa nje ya jukumu la ujumbe. Alitaka tu kila kimoja kiwe na kibao na jina, kwa kuwa kila binadamu anastahili jina. Leo vibao vimekamilika. Alitoa simu yake pana, akainama, akamwonyesha Nyamizi picha, kama mtu anavyoonyesha picha ya bustani yake.

Waziri alikuwa ametia saini sharti hilo bila kulisoma, kati ya sharti la pingu na sharti la soda, na kambi ikalitekeleza kama lilivyoandikwa. Ndiyo kwanza alisikie.

Picha ilikuwa nzuri. Vibao vya mbao vilivyopakwa rangi ya kijani, na juu ya kila kibao njiwa mdogo. Nyamizi alijua kusoma. Kibao cha tatu kutoka mwanzo kiliandikwa MIHAYO, FUNDI REDIO.

Alisoma tena. Kisha akalilaza shada la maua chini, taratibu, akafungua kanga kiunoni na kujifunga upya kwa kukaza, kama alivyofanya kwenye kila ua alilowahi kusimama. Akapaza sauti.

Waliokuwepo wanasema sauti ile ilizidi ngoma za bendi, na bendi ikaacha yenyewe. Ilimtaja Mihayo, mwana wa Nyamizi, wa Kivumo. Ilitaja kazi yake, kwamba alizirudishia sauti redio za maskini. Ilitaja siku ya gulio, bisibisi mkononi, na redio ya mzee isiyorudishwa. Ilitaja lango la kambi, afisa na sera yake, waziri na mchakato wake. Ilitaja kwamba amelazwa chini ya ubao ulionunuliwa na watu wenye huruma, waliokuja wakamtazama mama yake machoni na kuandika kwamba haumwi. Kila usiku alioumeza ulitoka siku hiyo.

Balozi alikuwa akitabasamu, kwa kuwa alipenda ngoma za asili. Alimgeukia Waziri na kuuliza wimbo huu unahusu nini. Waziri, jasho likimtiririka kwenye kola, akasema ni wimbo wa shukrani.

Watu wa mahemani wakakaa chini. Walikaa wote kwa pamoja, vibendera mapajani, juu ya lami, chini ya mabawa, mbele ya magurudumu. Mpiga tarumbeta wa kwanza akakaa, na tarumbeta yake. Mpiga ngoma kubwa akahangaika na mkanda, akauvua, akakaa. Katika gwaride la heshima askari mmoja alipiga magoti, jirani yake akamtazama, naye akashuka, kisha mstari ukaanza kupungua kimo kutoka kushoto kwenda kulia. Afisa aliamuru wainuke. Hawakuwa wamemwasi, walikuwa wamefiwa. Kijana wa vibao vya kuongozea ndege naye alikuwa wa milimani, na vibao akavilaza kando yake.

Waziri alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba wananchi wamechoka kidogo kwa sababu ya furaha. Redio ya taifa, iliyokuwa ikirusha matangazo moja kwa moja, ikalirudia hilo, kisha ikaweka muziki.

Balozi akamtafuta mkalimani wake. Hakumwona alipokuwa amesimama, akatazama chini. Zefania alikuwa amekaa kwenye lami, tai ameilegeza, machozi yanamtoka bila kuyafuta. Balozi akamuuliza watu hawa wanafanya nini.

"Wanasubiri," alisema Zefania, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alimfikishia mgeni kilichosemwa. Akamweleza yote: wimbo ule ni nini, kijana yule ni nani, kibao kile kiko juu ya nini. "Wanasubiri mwenye kifo hiki aseme. Hakuna atakayeinuka kabla ya hapo."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka aseme."

Uwanja mzima waliobaki wima walikuwa watu wachache tu: Waziri, maafisa wake, ujumbe wa Mataifa Yanayojali, na Nyamizi aliyekuwa akilia. Waziri alimtazama Balozi, na Balozi akamtazama Waziri, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Jua lilikuwa kali na rubani alikwisha kukata tamaa ya kuwasha injini.

Hapo Balozi Brandal, ambaye tumekwisha kusema alikuwa mtu mwema, alielewa sehemu ya jambo lile. Macho yake yalijaa maji. Alivua viatu vyake, akakusanya gauni, akaanza kuinama polepole akae na watu.

Nyamizi alinyamaza. Alimnyooshea Balozi kidole, na safari hii hakuhitaji mkalimani.

"Wewe simama," alisema. Kisha akaendelea kulia.